Tumbo Likivuruga, Sema: Mhadhara kwa Vijana wa Mombasa Wanaokwenda Kufanya Kazi Melini

Vijana wangu, wengi wenu mnasubiri viza tu mpande meli za kitalii. Kukunja taulo mmeshafundishwa, sinia mnabeba vizuri. Leo tuzungumze habari ya kuharisha, na msicheke.

Januari 2014 meli ya Explorer of the Seas iling'oa nanga New Jersey kuelekea Karibea, ikiwa na abiria 3,071. Wakaugua 634, na wafanyakazi 55 juu yake. Safari ikakatizwa, meli ikarudi. Kilichowaangusha ni norovirusi, kirusi cha kutapika na kuharisha, na chembe zake chache tu, hata mia hazifiki, zinatosha kumlaza mtu.

Hesabu hiyo ni ya waliosema. Aliyenyamaza haandikwi popote, na huyo ndiye anayeninyima usingizi. Ananyamaza kwa nini? Bakshishi! Ukisema unaumwa unatengwa, vyumba vyako anapewa mwenzako, na bakshishi inakwenda naye. Basi mtu anameza kidonge cha kufunga tumbo, anavaa yunifomu, anaingia jikoni kukata matunda. Kanuni za CDC, idara ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ziko wazi: anayeshika chakula akae pembeni mpaka zipite saa 48 tangu dalili zikome. Zikome, si zipungue! Lakini kanuni haimlishi mama yako kule Likoni. Ndiyo maana nasema kila ninapopewa nafasi: kampuni ilipe siku za kutengwa, zote, na bakshishi ifidiwe.

Najua kuna meneja atakayesema watu watajifanya wagonjwa. Wajifanye! Daktari wa meli yupo, choo kinapimwa. Wavivu wawili wakipumzika bure, gharama yake itafika wapi ukilinganisha na meli nzima kugeuzwa njiani na abiria kurudishiwa pesa?

Mwingine ataniambia, "Si kuna sanitaiza kila mlango?" Hiyo ni mazoea ya korona. Kirusi cha korona kina utando wa mafuta, alkoholi inauvunja kikafa. Norovirusi haina utando huo, kwa hiyo sanitaiza inaisumbua kidogo tu. Sabuni na maji yanayotiririka, sugua sekunde 20, mpaka katikati ya vidole na chini ya kucha.

Na kile kitambaa! Mhudumu anapangusa kiti cha choo, anapangusa bomba, halafu kwa kitambaa kilekile anapitisha kwenye rimoti, swichi ya taa na kitasa cha mlango. Abiria anarudi, anawasha televisheni, anachukua karanga kwa vidole. Kitambaa cha choo kiishie chooni. Na mtu akitapika pale kwenye lifti, watu waondolewe kwanza, kisha inatumika klorini kwa kipimo kilichoandikwa, iachwe kwa muda wake ifanye kazi. Ukiimwaga na kuifuta papo hapo, hujafanya kitu.

Maji ya kunywa, joto la chakula na koleo za bafe zitasubiri, naona mwenyekiti ananionyesha saa. Jueni tu kwamba kwa meli zinazotia nanga Marekani, abiria au wafanyakazi wakiugua kufikia asilimia 3, CDC huitangaza meli hadharani, na wakaguzi wao huingia bila taarifa.

Kabla hujatia sahihi mkataba, muulize wakala: nikitengwa kwa ugonjwa, nalipwa? Akizungukazunguka, uliza tena, na jibu liandikwe.