Karatasi ya Usiku wa Hershey

Shikamooni wazee wangu, na ninyi vijana, habari za asubuhi. Nimeombwa nizungumze na mnaojiandaa kukaa kwenye meza ya takwimu za mpira wa kikapu msimu ujao. Sikuja na hotuba. Nimekuja na karatasi moja, na kila mmoja wenu anayo nakala mkononi. Naomba tuisome pamoja.

Ni ya tarehe 2 Machi 1962. Philadelphia Warriors 169, New York Knicks 147. Mchezo ulifanyika Hershey, Pennsylvania, mji wa kiwanda cha chokoleti, mbele ya watazamaji 4,124. Kamera za televisheni hazikuwapo. Kilichobaki ni sauti ya redio ya robo ya nne, picha chache za mnato, na takwimu hizi. Huo ndio usiku Wilt Chamberlain wa Warriors alipofunga pointi 100.

Wengi wakiiona 100 wanaishia hapo. Mimi nawaomba muihakiki. Vikapu vya kawaida alifunga 36 katika mitupo 63. Mstari wa pointi tatu haukuwapo. NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, iliuleta msimu wa 1979-80. Kwa hiyo 36 mara mbili ni 72. Mitupo huru, ile ya adhabu ya faulo yenye pointi moja kila mmoja, alifunga 28 kati ya 32. 72 na 28 ni 100. Sasa nendeni robo kwa robo: 23, 18, 28, 31. Jumlisheni. Imekubali? Hii ndiyo kazi yenu, na mtaifanya kila mchezo, hata ule wa mtu aliyefunga pointi nne tu.

Hapo kwenye mitupo huru nataka tukae kidogo, maana ndipo ajabu ilipo. Wilt alikuwa na urefu wa futi 7 na inchi 1, na msimu ule alikuwa na wastani wa pointi 50.4 kwa mchezo, lakini akisimama kwenye mstari wa mitupo huru alikuwa mnyonge. Msimu mzima alifunga takriban 61 katika kila mia. Wakati huo alikuwa akirusha kwa mikono miwili kutokea chini, kama mtu anayemwaga maji ya ndoo. Usiku huu, robo ya kwanza, 9 kati ya 9. Robo ya tatu, 8 kati ya 8. Angetupa kwa kiwango chake cha kila siku, mitupo ile 32 ingempa kama 20 tu, naye angeishia karibu na 92. Kwa hiyo ukiniuliza mia ilipatikana wapi, sitakuonyesha chini ya kikapu. Nitakuonyesha mstari wa mitupo huru.

Sasa shukeni mpaka kwa Guy Rodgers, mlinzi wa Warriors. Asisti 20, yaani pasi zilizozaa vikapu. Mitupo ya kawaida amejaribu minne tu, amefunga mmoja. Lakini mitupo huru amepiga 12. Jiulizeni: mtu asiyetupa anafanyiwaje faulo kiasi hicho? Sehemu kubwa ya jibu ni robo ya nne. Knicks walipoona mia inakuja, walianza kuwachezea faulo wenzake Wilt ili mpira usimfikie. Warriors nao wakawa wanawachezea faulo Knicks ili waurudishe mpira haraka. Tazameni upande wa pili: Richie Guerin amepiga mitupo huru 17 na kumaliza na pointi 39. Mnaona? Mchezo mnausoma bila kuuona.

Darrall Imhoff, senta wa Knicks aliyepaswa kumkaba Wilt, alicheza dakika 20 akatolewa kwa faulo sita. Kwa miaka mingi watu walimtaja kama aliyefungwa mia. Dakika 28 zilizobaki hakuwa uwanjani! Inaniuma kila nikiisoma, kwa sababu aliyeandika dakika alimtetea, ila waliosimulia hawakutazama safu hiyo.

Na kuna Al Attles. Huyu nampenda kupita wote. Mitupo minane, vikapu vinane, mtupo huru mmoja, nao akafunga. Hakukosa hata mara moja. Pointi 17, za pili kwa wingi katika timu yake, na mara nyingi hatajwi kabisa. Laiti mtu wa mezani angezubaa akitazama jitu lile, usiku safi kuliko wote ungepotea.

Timu nzima: Warriors walitupa 115, Knicks 118. Ni mitupo 233 katika dakika 48, yaani mmoja kila sekunde 12 hivi. Kasi hiyo ndiyo iliyomwezesha mtu mmoja kutupa mara 63. Safu za mipira iliyoporwa na mitupo iliyozuiwa msizitafute. NBA ilianza kuziandika msimu wa 1973-74, wakati Wilt ameshaondoka kwenye ligi.

Aliyesimamia takwimu usiku ule ni Harvey Pollack. Alikuwa pia akipeleka habari za mchezo kwenye mashirika mawili ya habari na gazeti moja la Philadelphia, kazi zote kichwani mwa mtu mmoja. Baada ya mchezo alichukua kipande cha karatasi, akaandika 100, akampa Wilt akishike, na ndiyo picha mnayoijua.

Wengi wenu mtaandikia viwanja vya wazi. Mimi nimeandika huku nimeufunika ubao kwa koti, mvua ikinyesha, wino unasambaa. Andika kwa penseli, na usiinuke kushangilia.

Kikapu cha mia kilifungwa zikiwa zimebaki sekunde 46. Pasi ilitoka kwa Joe Ruklick, mchezaji wa akiba. Inasimuliwa kwamba watu walipokuwa wakikimbilia uwanjani, yeye alikwenda kwenye meza kuhakikisha asisti yake imeandikwa. Imeandikwa. Kwenye mstari huohuo, safu ya mitupo huru, imeandikwa pia kwamba alipiga miwili na yote akakosa.