Somo la Mikoko kwa Nyenzo Huria: Tulitengeneze Pamoja Hapa Lamu

Assalaam aleikum walimu wenzangu, na hamjambo nyote mnaotazama. Hapa nilipo ni barazani, mtaa wa Langoni, Lamu. Mezani nina vitu vitatu: simu, laptopu iliyokula miaka yake, na tawi la mchu, mmoja wa miti ya mikoko, nililolitoa ufukweni asubuhi hii. Kwa vitu hivi vitatu tutatengeneza somo zima la mikoko la Gredi ya 5. Nataka liwe somo ambalo mtoto wa Matondoni, wa Siyu au wa Kiunga atalisoma aone linamsema yeye, na mwalimu wa Malindi aweze kulichukua kesho akalibadilisha bila kunipigia simu kuniomba ruhusa.

Kalamu na ilishike neno hilo kabla hatujaanza: kulibadilisha. Wengi wetu tukisikia nyenzo huria za elimu tunaelewa vitu vya bure. Bure na huria si kitu kimoja. Ile PDF ya kitabu cha kiada inayozungushwa kwenye makundi ya WhatsApp ya walimu ni bure, lakini ina mwenyewe, na mwenyewe hajaruhusu. Kitu huria ni kile ambacho ama muda wa haki zake umekwisha, ama mtunzi ameandika wazi kwamba ukiweke, ukitumie, ukirekebishe, ukichanganye na kingine, kisha ukigawe. Ruhusa hizo tano alizipanga Mmarekani David Wiley. Jina lenyewe la nyenzo huria za elimu lilitoka kwenye mkutano wa UNESCO mjini Paris mwaka 2002, na Novemba 2019 nchi wanachama zikapitisha pendekezo la kuzihimiza nyenzo hizi. Kwangu mimi, katika hizo tano, ruhusa ya kurekebisha ndiyo roho ya jambo lote. Nimewasomesha watoto wa visiwani hadithi za treni na theluji kwa miaka, nikiona nyuso zao zikitangatanga dirishani, huku nje ya dirisha hilo hilo majahazi yanapita.

Haya, hatua ya kwanza. Weka simu chini, shika daftari. Andika swali moja tu ambalo somo lako litalijibu. Langu ni hili, nalisogeza kwenye kamera mlione: "Mkoko unaishije kwenye maji ya chumvi, ilhali mwembe ukimwagiwa maji hayo hufa?" Basi. Ukiingia mtandaoni bila swali utatoka na faili mia, bando limekwisha, na Jumatatu huna la kufundisha.

Hatua ya pili, sasa shika simu. Tunatafuta vitu vitatu: hadithi fupi, picha, na maelezo ya sayansi. Kwa hadithi naenda African Storybook, mradi ulioanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, ukafunguliwa mwaka 2014. Unachagua lugha, Kiswahili kimo, kisha unachagua kiwango cha msomaji, kuanzia maneno machache kwa ukurasa mpaka aya nzima. Kila hadithi unaweza kuisoma, kuipakua, kuitafsiri au kuirekebisha. Kwa picha naenda Wikimedia Commons, na hapa nisikilize vizuri. Ukiandika "mchu" hupati kitu cha maana. Andika jina la kisayansi, Avicennia marina, na picha zitamiminika. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi kama miguu ya buibui, ni Rhizophora mucronata. Mkandaa ni Ceriops tagal. Mlilana ni Sonneratia alba. Andika majina hayo pembeni ya daftari lako, yatakufaa zaidi ya mara moja. Maelezo ya sayansi nayachukua Wikipedia, kisha nayapima na kitabu cha darasani.

Hatua ya tatu ni leseni. Usiiruke hata kama una haraka. Tazama hapa chini ya picha, nakuza skrini: kuna alama ya herufi mbili za C ndani ya duara, na pembeni yake herufi nyingine. Hiyo ni leseni ya Creative Commons, shirika lililoanzishwa mwaka 2001. Leseni zake za kwanza zilitoka Desemba 2002, na toleo la 4.0 ambalo utalikuta mara nyingi lilitoka Novemba 2013. Herufi za kujua ni hizi. BY maana yake mtaje mtunzi. SA maana yake ukirekebisha, kazi yako nayo itoke kwa leseni ile ile. NC maana yake usiifanyie biashara. ND maana yake usigawe kazi uliyoibadilisha. Ukiona CC0, mwenyewe amesamehe yote, hata kutajwa hadai.

ND ndiyo iliyoniumiza mimi. Kuna mwaka nilikaa jioni tatu nikitafsiri kijitabu cha afya kwa ajili ya darasa langu, nikabadilisha mifano, nikatia na picha za kwetu. Nilipomaliza, nikitaka kukipeleka kwa wenzangu wa Pate na Faza, ndipo nilipoteremka mpaka ukurasa wa mwisho nikaziona herufi hizo mbili. Kukitengeneza niliruhusiwa, kukigawa, la. Kikabaki kwenye laptopu yangu mpaka leo. Kwa hiyo leseni isome mwanzo, kabla hujaandika hata neno. Na jambo moja zaidi ambalo huwachanganya watu: kazi ya BY-SA na kazi ya BY-NC-SA hazichanganyiki kuwa kazi moja, kwa sababu kila moja inadai kazi inayotokana nayo ifuate leseni yake. Kama unataka kulala usingizi, anza na vitu vya BY au CC0.

Hatua ya nne, kurekebisha. Hapa ndipo nitakapokaa sana, mnisamehe.

Nimechukua hadithi fupi ya mtoto anayetembea msituni na babu yake akijifunza majina ya miti. Leseni yake ni BY, imeruhusiwa. Msitu ule ni wa bara. Naufuta, naweka mikoko. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko kaunti yetu hii ya Lamu, na bado watoto wetu husoma kuhusu misitu ambayo hawajawahi kuikanyaga. Babu namfanya fundi wa majahazi wa Matondoni. Anapomtajia mjukuu miti, hasemi jina peke yake, anasema na kazi yake: hii hutoa fito, hii hutoa boriti za dari. Watoto wangu wanaishi chini ya dari za boriti. Wakifika ukurasa huo, wote huinua vichwa kutazama juu. Nimeliona hilo kwa macho yangu, na ndilo lililonifanya nitengeneze video hii.

Sasa sayansi. Lete tawi. Nasogeza kamera karibu, subirini itulie. Mnaona juu ya jani vijinyota vyeupe vinavyong'aa? Ni chumvi. Mizizi ya mchu huzuia sehemu kubwa ya chumvi isiingie, na ile inayopenya mti huitoa nje kupitia vitezi vidogo vya jani. Mkoko hauna vitezi hivyo, wenyewe hutegemea zaidi kuizuia chumvi mizizini. Kwa hiyo jaribio la darasa ni hili. Tafuta mchu na mkoko vilivyo jirani, chagua matawi ambayo hata maji ya bamvua hayayafikii. Jioni, osha majani machache ya kila mti kwa maji matamu, yakiwa yangali mtini, uyafunge kamba ya rangi. Kesho yake mchana rudi na watoto, waguse kwa ncha ya kidole, kisha kidole ulimini. Wataandika wenyewe jani lipi ni chumvi. Kuosha kunatuhakikishia kwamba chumvi iliyopo imetoka ndani ya jani, haikurushwa na wimbi. Mtoto mmoja wa darasa langu aliuliza, "Ustadhi, na upepo je? Kusi si huleta chumvi?" Ndiyo maana tunaosha miti yote miwili: upepo ukileta, utaleta kwa wote sawa. Swali la namna hiyo hulipati kwenye kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya mtu mwingine.

Jaribio hilo naliandika kama ukurasa wa mwisho wa hadithi, na picha ya jani nimeipiga mwenyewe kwa simu hii hii. Picha yako ni mali yako, leseni yake unaichagua wewe.

Kuhusu lugha: kwa madarasa ya chini hutoa nakala mbili, moja ya Kiswahili sanifu na moja yenye Kiamu, lahaja yetu ya Lamu. Mtoto wa hapa akiona "macho" akasoma "mato", au "maji" akasoma "mai", hajakosea kusoma. Amesoma, kisha amesema kwao. Nakala ya Kiamu humwonyesha kwamba hata hayo huandikika, na ile ya sanifu humvusha taratibu. Leseni huria ndiyo inayonipa nafasi hiyo. Hakuna duka la vitabu litakaloagiza kitabu cha Kiamu kwa watoto thelathini.

Hatua ya tano ni fupi. Mtaje mwenyewe. Ukurasa wa ndani andika mambo matano: jina la kazi, jina la mtunzi na mchoraji, ulikoitoa, leseni yake, na ulichobadilisha. Langu linasema: "Mandhari yamehamishiwa mikoko ya Lamu, wahusika wamebadilishwa, jaribio limeongezwa." Mistari mitatu, dakika mbili.

Hatua ya sita, irudishe kazi yako hadharani. Weka leseni yako, mimi naweka BY, kisha ipandishe mahali wengine wataipata; African Storybook hupokea hadithi za walimu. Lakini kuna adabu zake. Kama fundi au bibi amekupa maarifa yake, mwambie wazi kwamba yataonekana na watu usiowajua, na umtaje kama anataka kutajwa. Nyuso za watoto usizitie bila idhini ya wazazi. Mimi hupiga mikono tu, na mikono yatosha.

Hapo hapo niseme jambo ambalo walimu wa Kiswahili huniuliza: tenzi zetu za kale je? Kwa sheria ya Kenya, haki za kazi ya fasihi hudumu miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mtunzi. Mwana Kupona wa Pate alitunga utendi wake kwa binti yake mwaka 1858. Beti zake ni za sote, zisomeshe, zirekodi kwa sauti, zichapishe. Ila kitabu cha karibuni chenye beti hizo kina dibaji, maelezo na sherehe (yaani ufafanuzi wa beti) za mhariri, na hizo bado zina mwenyewe. Chukua beti, sherehe iandike wewe na wanafunzi wako. Na muswada uliohifadhiwa ndani ya nyumba ya watu, hata kama sheria haikuzuii, bisha hodi kwanza.

Hatua ya saba, kuifikisha kazi darasani pasipo na mtandao. Wenzangu wa visiwani mnajua. Nina njia mbili. Ya kwanza ni ya mwalimu mwenye simu peke yake: pakua PDF ukiwa mjini, itie kwenye memori kadi, na utoe nakala chache za karatasi, moja kwa watoto wanne. Ya pili ni kwa shule yenye laptopu moja. Kuna programu inaitwa Kolibri, imetengenezwa na shirika la Learning Equality, ni ya bure na ni huria. Unaisakinisha mara moja ukiwa na mtandao, unapakua masomo unayoyataka, kisha laptopu inageuka kuwa maktaba: unawasha hotspoti, na tableti au simu zilizo chumbani zinasoma kutoka kwayo bila intaneti hata kidogo. Kazi yako mwenyewe unaweza kuiingiza kupitia Kolibri Studio. Zile tableti zilizogawiwa shule za msingi kuanzia mwaka 2016, kama zenu bado zinawaka, jaribuni nazo. Ukitaka na ensaiklopidia, ongeza Kiwix, inayobeba Wikipedia nzima ya Kiswahili ndani ya faili moja.

Flashi na laptopu zifungie kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana. Hewa yetu ina chumvi, hula matundu ya chaja kimya kimya, na safari ya boti humaliza kilichobaki.

Ya mwisho, ifanye usiku kabla ya somo. Zima mtandao kabisa, weka simu kwenye hali ya ndege. Fungua kila faili, moja baada ya moja. Hadithi, ipitie mpaka ukurasa wa mwisho. Picha, zikuze uone kama hazijawa ukungu. Kolibri, iunganishe na simu ya nyumbani uone kama somo linafunguka. Kilichokataa kufunguka usiku huo kitoe kwenye mpango wa somo, kisha toka uende ukaangalie jedwali la maji kujaa na kupwa, maana watoto wanatakiwa wafike kwenye mchu maji yakiwa yametoka.