Mtu Mzima Anaposusa

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Nianze na sahani ya chakula.

Baba kapata habari kwamba ada ya mtoto imekwama, na kwamba mkewe alimweleza kaka yake kwanza kabla ya kumweleza yeye. Hasemi neno. Chakula kinatengwa, anajibu ameshiba. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu mtoto anatumwa: "Mwambie mama yako anipe funguo." Na mama amesimama hatua mbili tu kutoka hapo. Mnacheka, lakini wamo humu ukumbini waliokulia katika nyumba hiyo, waliokuwa wakibeba maneno kati ya watu wawili wanaoonana.

Mtoto wa miaka minne akizira hatumlaumu, maana uchungu umemjaa na maneno hana. Huyu wa miaka arobaini na mitano maneno anayo tele, kikao cha harusi anakiendesha tangu saa kumi hadi magharibi. Neno linalomshinda ni moja: "Nimeumia." Akilitamka anajiona amevuliwa nguo. Basi ananuna, ili mwenzake aumie badala yake.

Jambo hili madaktari wamelihangaikia muda mrefu. Mwaka 1945 jeshi la Marekani lilitoa waraka wa kuainisha maradhi ya akili, ulioandaliwa chini ya daktari William Menninger. Kundi moja lilikuwa la watu ambao hisia zao hazijakomaa, wakiwemo askari wasiokataa amri waziwazi: walinuna, walikaidi, walichelewesha kazi na kuiharibu. Baadaye Shirika la Afya Duniani, katika toleo la kumi la orodha yake ya magonjwa, liliitaja haiba isiyokomaa miongoni mwa matatizo ya haiba, yaani ya namna mtu alivyozoea kuhisi, kuwaza na kutenda. Toleo la kumi na moja, lililoanza kutumika Januari 2022, liliacha karibu majina yote ya namna hiyo. Sasa daktari hupima tatizo limefika wapi, dogo, la kati au kubwa, na linavyoharibu maisha na mahusiano ya mtu. Mimi nimefurahi. Jina la ugonjwa likishaingia nyumbani huwa jiwe la kutupiana.

Je, mtu hubadilika? Daktari George Vaillant aliwafuatilia wanaume waliosoma Harvard, katika utafiti ulioanza mwaka 1938. Wengi waliokuwa wakijikinga na uchungu kitoto ujanani waliziacha njia hizo kadiri miaka ilivyosonga. Kwa hiyo sikubaliani na mama anayeniambia, "Huyu ndivyo alivyoumbwa."

Lakini mama, usimbembeleze kwa sahani ya pili, wala usimrushie maneno kupitia kwa mtoto. Tenga chakula, kaa, mwambie: "Naona umeumia. Ukiwa tayari, nipo." Kisha ule. Usiku huo huenda asijibu kitu. Huenda ikawa Alhamisi, mmezima taa, ndipo usikie sauti yake: "Kwa nini ulimwambia kaka yako kwanza?"