Mchoro wa ukutani wa jamii: nani anaamua kinachochorwa?

Jamani asanteni kwa kuja, mliokaa huko nyuma sogeeni tu mbele nafasi ipo. Leo naongelea michoro ya ukutani, ile mikubwa ambayo watu wa mtaa wanaichora pamoja kusherehekea urithi wao, na niseme mapema ninachokiamini ili tusizungushane: kumpa mtu brashi bado hujamshirikisha. Kama msanii na mfadhili wameshakaa wawili wakapanga kila kitu, halafu Jumamosi moja wananchi wanaitwa kujaza rangi na kupiga picha, basi ule mchoro ni wa msanii, wananchi wamesaidia tu nguvu kazi. Ushirikiano unaanza kwenye kuamua, yaani nani aingie ukutani na nani aachwe.

Chukueni Chicago mwaka 1967. Kundi la wasanii weusi waliojiita OBAC, mmoja wao William Walker, walichora mashujaa wao kwenye ukuta wa jengo la zamani upande wa South Side, kuna mwanaharakati Malcolm X, bondia Muhammad Ali, mwimbaji Nina Simone, na hawakutumwa na serikali ya jiji wala nani. Wakauita Wall of Respect, yaani Ukuta wa Heshima. Majirani walikuwa wanakuja kuangalia kazi ikiendelea, wanabishana, wanauliza kwanini huyu yupo na yule hayupo, na mshairi Gwendolyn Brooks alikuja kusoma shairi siku ya uzinduzi. Ukuta wenyewe haukukaa hata miaka mitano, jengo liliungua 1971 halafu likabomolewa, lakini wakati huo miji mingine ya Marekani ilikuwa imeshaanza kuiga.

Halafu kuna huu ambao mimi naupenda kuliko yote, Great Wall of Los Angeles. Msanii Judy Baca alipewa ukuta wa zege wa mfereji wa kuzuia mafuriko, akaanza kuchora 1976 na vijana kama 80, wengi walikuwa wameshaingia matatani na sheria, makabila tofauti, kuna waliokuwa hawawezi hata kukaa meza moja. Kufika 1983 vijana zaidi ya 400 walikuwa wamepita pale na mchoro ulikuwa umefikia urefu wa karibu mita 840. Sasa angalieni walichochora: historia ya California, lakini na yale yanayouma, Wamarekani wenye asili ya Japani kufungiwa kambini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, familia za asili ya Meksiko kurudishwa kwa nguvu miaka ya 1930. Walikaa na wanahistoria, wakasikiliza wazee, ndipo wakachora. Kijana ambaye babu yake yuko kwenye ukuta na kijana ambaye babu yake hajawahi kutajwa popote wanashika ndoo moja ya rangi, hapo ndipo urithi unakuwa wa wote, kwa sababu kila mmoja amelazimika kusikia ya mwenzake kwanza.

Kwahiyo mkikaa kikao cha kwanza msiulize "tuchore nini?" Nawaambia mtapata mikono ya rangi mbalimbali imeshikana, njiwa, na dunia katikati, kila mahali ni hivyohivyo kwa sababu swali lenyewe ni jepesi mno. Ulizeni vitu vyenye uzito: ni kitu gani kilikuwepo hapa ambacho watoto hawatakiona tena? Nani alifanya kazi kubwa hapa na hajulikani? Waambieni walete picha za zamani, vitambaa, vyombo vya kazi. Na waiteni waliohamia juzijuzi pia, wao nao wamekuja na urithi wao na wanaishi hapohapo. Mtagombana, sawa, gombaneni huko kwenye karatasi maana karatasi inafutika. Kuna vitu vitakatifu ambavyo wenyewe hawataki vianikwe ukutani, hapo hakuna kura ya wengi, wenyewe wakisema hapana ni hapana. Na sura ya mtu aliye hai haichorwi bila ruhusa yake.

Ukuta nao una mambo yake. Plasta mpya ya saruji iacheni ikauke karibu mwezi mzima, ukuta unaovuta unyevu kutoka chini msiuguse kabla fundi hajatibu chanzo, la sivyo chumvi itasukuma rangi itoke magamba. Pakeni praima, ile rangi ya kwanza ya kushikisha, halafu akriliki nzuri, yaani rangi ya maji yenye plastiki ndani. Ukuta unaopigwa na jua sana tegemeeni zaidi rangi zenye asili ya udongo, zile nyekundu za kutu na njano za udongo, hizo hazipauki haraka kama baadhi ya nyekundu na njano kali za kiwandani.

Wazee na wenye ulemavu hawawezi kupanda jukwaa la fundi, ni kweli, ila hiyo siyo sababu ya kuwaacha! Philadelphia, mradi ulioanza 1984 chini ya Jane Golden kwa ajili ya vijana waliokuwa wanachorachora kuta, baadaye wakazoea kuchora kwenye kitambaa chepesi kinachofanana na cha parachuti. Mchoro unagawanywa vipande vyenye mistari na namba za rangi, watu wanachora mezani wamekaa, hata wafungwa wamechora wakiwa gerezani, halafu vipande vinagundishwa ukutani kwa gundi ya akriliki. Ukiona kazi imekamilika huwezi kujua kipi kilichorwa wapi.

La mwisho ni mwenye ukuta. New York mwaka 2013 mwenye majengo ya 5Pointz, majengo ya zamani yaliyojaa michoro ya wasanii wa grafiti, alipakisha rangi nyeupe juu ya kazi za wasanii wengi usiku mmoja, kesi ikaenda mpaka 2018 mahakama ikawapa wasanii 21 dola milioni 6.75, na hiyo ni kwa sababu Marekani kuna sheria ya 1990 inayolinda kazi za namna hii. Msitegemee bahati ya mahakama. Kabla hata ya kununua brashi andikishaneni na mwenye ukuta: mchoro utakaa miaka mingapi, nani atarekebisha ukichubuka, pesa ya marekebisho itatoka wapi, na akitaka kuufuta awape taarifa siku 90 kabla ili mupige picha na wenye sura zao waitwe. Haya, mwenye swali anyooshe mkono.