Nani Abatizwe, na kwa Maji Gani: Ubatizo katika Historia ya Wabaptisti

Waheshimiwa wachungaji, wazee wa kanisa, ndugu na dada katika Bwana,

Nimeombwa nizungumzie jinsi mafundisho na desturi za ubatizo zilivyobadilika miongoni mwa Wabaptisti, nami napenda kutanguliza jambo ambalo historia hii imenithibitishia: Wabaptisti wa kwanza hawakuanza kwa kuuliza mtu abatizwe kwa maji mengi au machache, bali waliuliza ni nani anayestahili kubatizwa. Swali la maji lilifuata miaka 30 hivi baadaye, na tangu hapo limekuwa likilifunika lile la kwanza mara kwa mara.

Mwaka 1609, mjini Amsterdam, John Smyth, aliyekuwa kasisi wa Kanisa la Uingereza kabla ya kujitenga nalo na kukimbilia Uholanzi pamoja na waumini wenzake kutoka Gainsborough, alifikia uamuzi kwamba ubatizo aliopewa uchangani haukuwa ubatizo, kwa kuwa mtoto mchanga hawezi kutubu wala kukiri imani. Kwa vile hakuona kanisa lolote lenye haki ya kumbatiza, alijibatiza mwenyewe, kisha akambatiza Thomas Helwys na wengine waliokuwa pamoja naye. Alifanya hivyo kwa kumwagia maji, wala hakuna aliyezamishwa. Muda si mrefu tendo la kujibatiza likaanza kumsumbua dhamiri, akaomba kundi lake lipokewe na Wamenno, Wakristo wa Uholanzi waliobatiza waumini tu, si watoto wachanga. Helwys hakukubaliana naye, akarudi London na wachache mwaka 1612, na huko Spitalfields likaanzishwa kanisa la kwanza la Kibaptisti katika ardhi ya Uingereza. Ungamo la imani ambalo Helwys na wenzake walilitoa mwaka 1611 linasema kwamba ubatizo ni ishara ya nje ya kuifia dhambi na kuenenda katika upya wa uzima, na kwa sababu hiyo hauwahusu kabisa watoto wachanga. Kuhusu kuzamishwa, ungamo hilo halisemi neno.

Kuzamishwa kulianza katika kundi jingine, lile la Wabaptisti waliofuata mafundisho ya John Calvin, mwanamatengenezo wa Kanisa wa karne ya 16. Karibu na mwaka 1640 baadhi yao jijini London, wakiyatafakari maneno ya Paulo kwa Warumi na Wakolosai juu ya kuzikwa na kufufuka pamoja na Kristo, waliona kwamba maji machache ya kichwani hayawezi kuonyesha kaburi. Wakamtuma Richard Blunt, aliyejua Kiholanzi, aende Uholanzi kwa waumini waliokuwa tayari wakizamisha, na aliporudi, watu wapatao 50 wakabatizwa hivyo. Ilikuwa Januari 1642 kwa kalenda yetu. Wao waliandika 1641, kwa sababu mwaka wao ulianza Machi 25.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1644, makanisa 7 ya London yalitoa ungamo lililoeleza waziwazi kwamba namna ya kubatiza ni kuuzamisha mwili wote ndani ya maji. Pembeni mwa kifungu hicho wakaandika kwamba anayebatiza na anayebatizwa wote wawe wamevaa nguo zinazofaa, kwa heshima yote. Maelezo hayo hayakuwekwa bure, kwa kuwa wapinzani wao walikuwa wakieneza habari kwamba wanawake walibatizwa uchi mtoni. Mimi huguswa sana na kifungu hiki, kwa sababu kinatuonyesha watu walioandika mafundisho yao huku wakitukanwa.

Baada ya hapo ulizuka ubishi juu ya Meza ya Bwana. Mwaka 1673 mhubiri John Bunyan wa Bedford aliandika kwamba tofauti za ubatizo zisimzuie muumini kushiriki, na mchungaji William Kiffin wa London akampinga. Ubishi huo uliendelea hadi karne ya 19.

Mahali pa kubatizia pia palibadilika. Charles Spurgeon, aliyekuja kuwa mhubiri maarufu wa Kibaptisti, akiwa kijana wa miaka 15, alibatizwa Mei 3, 1850 katika mto Lark huko Isleham, mbele ya watu waliosimama ukingoni. Miaka 11 baadaye, jengo kubwa lililofunguliwa London kwa ajili ya huduma yake lilikuwa na kisima cha ubatizo humo humo ndani. Hasara ipo: mtoni hata wasioamini walilishuhudia ungamo la mtu.

Huko kusini mwa Marekani, tangu miaka ya 1850, lilienea fundisho kwamba makanisa ya Kibaptisti yamekuwepo bila kukatika tangu Yohana Mbatizaji, na kwamba ubatizo wa makanisa mengine ni batili hata kama mtu alizamishwa. William Whitsitt, mkuu wa seminari ya Wabaptisti huko Louisville, alipoandika kwamba Wabaptisti wa Uingereza walianza kuzamisha mwaka 1641 tu, alishambuliwa kwa miaka kadhaa hadi akajiuzulu mwaka 1899. Leo wanahistoria wengi wanamuunga mkono. Naamini alionewa, na walioonewa pamoja naye ni waumini walionyimwa ukweli wa historia yao.

Habari hii inatuhusu, kwa maana Wabaptisti hao wa Kusini ndio waliofungua kazi ya misheni Kenya na Tanganyika mwaka 1956. Hata mwaka 2005 bodi yao ya misheni iliweka masharti yaliyowataka baadhi ya walioomba kuwa wamisionari, waliokwisha kuzamishwa katika kanisa jingine, wabatizwe tena. Masharti hayo yaliondolewa mwaka 2015.

Kwa hiyo anapokuja kwetu muumini aliyebatizwa uchangani katika kanisa jingine, naona tuna sababu ya haki ya kumwomba abatizwe, kwa kuwa hakupata kukiri imani yake majini. Lakini akija aliyetubu akiwa mtu mzima, akakiri mbele ya kanisa na kumwagiwa maji, huyo amebatizwa kama alivyobatizwa Helwys, na wazee wa kanisa wanapaswa kuusikiliza kwanza ushuhuda wake kabla hawajamuuliza habari za maji.