Intaneti Ipo kwa Huyu, kwa Yule Hakuna: Tafuta Tatizo Kabla ya Kuzima Ruta

Karibuni tena jamani. Hapa mezani nina ruta kuu, swichi ya milango 8 (kisanduku cha kugawa waya wa mtandao, kila tundu ni mlango), laptopu mbili, kompyuta moja ya mezani, na ile ruta ndogo nyeupe mnayoiona pembeni, inayotoa Wi-Fi kwa chumba cha nyuma. Intaneti inaingia kwa waya mmoja, tunagawana wote. Malalamiko ni yale yale kila siku: huyu anapata, yule hapati, na wa tatu anasema inakuja halafu inapotea.

Kabla ya yote, toa mkono kwenye kitufe cha ruta. Najua mkono unawasha. Ukizima na kuwasha, vifaa vinaomba anwani upya, yaani namba ya kila kifaa kwenye mtandao, mambo yanakaa sawa saa mbili tatu, halafu jioni ugonjwa unarudi na hujui zaidi ya ulivyojua asubuhi. Mimi nataka kujua pamekatika wapi. Tunaanzia kwenye mashine yenyewe, tunakwenda kwenye ruta, ndipo tunatoka nje.

Swali la kwanza: nani hana? Akiwa mmoja, tatizo liko kwake au kwenye waya wake. Wakiwa wote wa swichi moja, kaangalie swichi. Wakiwa wote kabisa, ni ruta au njia ya nje. Na kama unapima waya, zima Wi-Fi ya hiyo mashine, la sivyo utapima njia nyingine bila kujijua. Haya, taa.

Nasogeza kamera. Mlango wa 1 unapepesa, wa 2 unapepesa, wa 3... ngoja. Wa 3 umezima. Hii sikuipanga, dakika mbili zilizopita ilikuwa inawaka. Subirini nishike taa ya simu.

Mnaona hapa? Ule ulimi wa plastiki wa plagi umekatika. Ukiangalia kwa juu unasema plagi imeingia, lakini tazama, navuta kwa kidole kimoja na inatoka. Mtu akigusa meza kwa goti, mtandao umekata. Kumbe wa "inakuja halafu inapotea" ndiye huyu. Nabadilisha waya sasa hivi, kichwa nitakifunga upya baadaye. Ukifunga mwenyewe, mpangilio ninaoupenda ni huu: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Ncha zote mbili ziwe sawa. Na jambo moja watu hawalijui: kasi ya megabiti 100 kwa sekunde inatumia nyaya 4 tu kati ya 8 zilizo ndani, ya 1000 inatumia zote. Kwa hiyo mashine ikishuka ghafla kutoka 1000 hadi 100, shuku waya kabla ya kushuku kompyuta.

Taa imerudi. Ukikuta taa zote za swichi zinapepesa pamoja kwa fujo na hakuna anayepata kitu, tafuta waya ambao ncha zake mbili zimechomekwa kwenye swichi hiyo hiyo. Chomoa ncha moja, imeisha.

Sasa laptopu ya kwanza, ile nzima. Fungua dirisha jeusi la amri, andika ipconfig, bonyeza Enter. Inasema 192.168.1.23, na kwenye mstari wa Default Gateway, yaani lango la kutokea, 192.168.1.1, ambayo ndiyo ruta kuu. Vizuri. Ukiona anwani inaanza na 169.254, ujue mashine imeomba anwani, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Hapo usihangaike na intaneti. Rudi kwenye waya, au kaangalie kama ruta bado inagawa anwani.

Sasa ping, amri ya kuita kifaa kingine uone kama kinaitika. Andika ping 192.168.1.1. Majibu manne, chini ya milisekunde 1. Njia ya ndani nzima. Andika ping 8.8.8.8, ambayo ni anwani ya Google iliyoko nje. Majibu manne. Njia ya nje nzima. Mwisho andika ping na jina la tovuti yoyote. Kama namba inajibu na jina halijibu, intaneti unayo, kinachokosekana ni DNS, ile huduma inayogeuza majina kuwa namba. Weka 8.8.8.8 au 1.1.1.1 kwenye sehemu ya DNS, jaribu tena.

Ila soma majibu yenyewe, usisome jumla ya chini! Windows inaweza kukuandikia kwamba zimetumwa 4, zimepokelewa 4, hakuna iliyopotea, kumbe kila mstari unasema Destination host unreachable, na anayejibu ni anwani ya mashine yako mwenyewe. Hayo siyo majibu ya ruta. Ni kompyuta yako inakwambia imeita, hakuna aliyeitika.

Twende laptopu ya pili, hii tuliyoibadilishia waya. ipconfig. Na... mmeona? 192.168.0.105. Lango 192.168.0.1. Wenzake wote wako kwenye 1, yeye yuko kwenye 0. Nasogea karibu muone vizuri. Waya mzima, taa inawaka, anwani imepatikana, na bado hana intaneti. Nani kampa anwani hii?

Naandika hiyo 192.168.0.1 kwenye kivinjari... na ukurasa unaofunguka ni wa ruta ndogo nyeupe. Nayo inagawa anwani. Mashine inapoomba, ruta zote mbili zinasikia, na mara nyingi mashine inamchukua aliyewahi kujibu. Ukijibiwa na ruta kuu, umepona. Ukijibiwa na ndogo, unapewa lango ambalo halina njia ya kutokea, maana tundu lake la intaneti halina kitu. Ndiyo maana huyu anapata na yule hapati, na kesho wanabadilishana.

Hapa naomba utulie kabisa, kwa sababu hapa niliwahi kuharibu. Nilichomeka ruta ya pili bila kuzima ugawaji wa anwani, yaani DHCP. Haikukata siku hiyo. Ilikata siku iliyofuata, mmoja mmoja, kadiri muda wa anwani zao ulivyokwisha. Nilibadilisha waya, nikabadilisha swichi, watu wamekaa bila kazi siku mbili. Kwa hiyo fuata mpangilio huu, usiugeuze.

Kwanza, chomoa ruta ndogo kwenye mtandao. Iunganishe na laptopu moja tu. Moja tu! Ingia kwenye ukurasa wake, ubadilishe anwani yake iwe 192.168.1.2, isigongane na ruta kuu wala na fungu la anwani ambazo ruta kuu inagawa. Ya kwangu inagawa kuanzia 20, kwa hiyo 2 iko salama. Hifadhi. Inajiwasha upya, subiri.

Pili, ingia tena kwa anwani mpya, na sasa ndiyo unazima DHCP. Sasa, siyo mwanzo. Ukianza na DHCP, laptopu inaweza kubaki bila anwani na ukurasa usifunguke tena, mpaka uiandikie anwani kwa mkono. Anwani kwanza, DHCP baadaye. Nimeshasema mara mbili, na nitasema tena mkiniuliza.

Tatu, waya unaotoka kwenye swichi unaingia kwenye tundu mojawapo la LAN, yaani la mtandao wa ndani. Lile tundu moja la pembeni la WAN, yaani la intaneti ya kutoka nje, kwa kawaida lenye rangi tofauti, liache tupu. Kidole changu kiko hapa, kamera inaona? Hapa, siyo pale.

Na kama ukurasa wa huyo mgawaji wa pili haufunguki, andika arp -a. Utaona namba ya MAC, ile ya kiwandani, ya kifaa chenye lango hilo, ilinganishe na vibandiko vya chini ya ruta zako. Anwani ikianza na 192.168.137, acha kutafuta ruta. Ni kompyuta ya Windows ambayo mtu amewasha ushirikishaji wa intaneti upande usio sahihi, na yenyewe imeanza kugawa anwani. Uzime huko huko kwenye mipangilio ya adapta.

Turudi kwa mgonjwa. ipconfig /release, iachie anwani ya zamani, halafu ipconfig /renew, iombe mpya. Inafikiria... inafikiria... 192.168.1.24, lango 192.168.1.1. Safi sana! ping 8.8.8.8, majibu manne. Ukurasa umefunguka. Jamani, hii ndiyo dakika inayonifanya niipende kazi hii. Chumba cha nyuma, hebu jaribuni simu zenu... Wanasema ipo.

Kipande cha utepe wa karatasi wenye gundi, na kalamu. Naandika: "192.168.1.2, DHCP imezimwa, tumia LAN tu." Nabandika hapa juu ya ruta ndogo, mahali ambapo atakayeishika kesho ataona kabla hajaichomoa.