Mashine ya Vyombo Imegoma Kutoa Maji, na Mchawi Nimemjua

Angalieni hapa. Ngoja nisogeze simu. Mnaona? Huo siyo mchuzi wa dagaa. Ni maji yaliyolala ndani ya mashine ya kuosha vyombo tangu juzi Jumapili usiku, na harufu yake, mshukuruni Mungu simu haipitishi.

Shikamooni wakubwa, mambo vipi wenzangu. Leo hakuna theluji wala supamaketi. Tupo jikoni hapa Columbus, Ohio, na nimepiga magoti. Shangazi, wewe uliyenitumia ujumbe wa sauti kwamba huku tunakula tunaiachia mashine kazi, tunaringa, video hii ni yako. Mashine ninayo, na vyombo naosha kwa mkono siku ya pili leo.

Cha kwanza nimezima umeme kule kwenye boksi la swichi. Sitaki muanze kuchangishana kusafirisha maiti kwa ajili ya sahani. Halafu nikachota maji kwa kikombe, yaliyobaki nikayanyonya kwa sponji. Chini kabisa kuna chujio, hili hapa la mviringo. Unalizungusha kushoto, linachomoka. Jamani, pilau yote ya Jumapili ilikuwa humu! Karafuu, maganda ya iliki, kijiti cha mdalasini kimesimama wima kama askari wa getini, na karatasi iliyobanduka kwenye chupa ya tomato. Nikalisugua kwa mswaki wa zamani na maji ya moto, nikajua nimemaliza kazi. Nawasha: mashine inanguruma, maji yako palepale.

Huo mngurumo usiupuuze. Pampu ya kutolea maji ikiwa kimya kabisa, ugonjwa uko kwenye pampu yenyewe au kwenye umeme wake. Ikinguruma na maji hayaendi, mara nyingi kuna kitu kimeziba njia. Nikazima tena, nikafungua kifuniko kidogo chini ya chujio, ambacho mashine nyingine hazina, nikaikuta feni ya pampu. Kipande cha glasi iliyovunjika hupenda sana kujificha hapo, kwa hiyo tumia koleo, vidole viache. Yangu ilikuwa safi, nikiisukuma kwa mpini wa kijiko inazunguka vizuri tu.

Saa mbili zimekwenda. Mke wangu anapita, ananitazama, anasema, "Baba, ita fundi." Nilishampigia. Kufika tu, kabla hajagusa kitu, dola 120. Nikaona bora niendelee kupiga magoti.

Nikaingia chini ya sinki. Mpira wa maji machafu unatoka kwenye mashine, unapanda mpaka chini ya kaunta, halafu unashuka. Ule mpando una maana yake: unazuia uchafu wa sinki usirudi kwenye vyombo vyako. Kisha unaingia kwenye kisagio. Huku sinki nyingi zina mashine chini yake ya kusaga mabaki ya chakula, hili dude kama chungu kilichoning'inia. Nikauchomoa mpira pale kwenye kisagio, nikauelekeza kwenye ndoo, nikarudisha umeme, nikashikilia kitufe cha kumwaga maji. Weee! Yalitoka kama bomba la mtaani siku mgao ukiisha.

Basi pampu nzima, mpira mzima, ugonjwa uko mbele yake. Nikamulika tochi ya simu kwenye lile tundu la kisagio linalopokea mpira. Nikaona plastiki nyeusi, bapa, imeziba tundu lote. Kizibo cha kiwandani! Visagio vipya huja navyo, maana asiye na mashine ya vyombo tundu likiwa wazi atamwagikiwa na maji. Mwenye mashine anatakiwa akitoe kwanza, ndipo afunge mpira.

Kisagio hiki ni kipya. Kilifungwa Jumamosi, na fundi aliyekifunga ndiye huyu anayeongea nanyi. Video yake ipo, nimejisifu humo dakika kumi na nane.

Haya, umeme nimezima tena. Bisibisi bapa pale kwenye kizibo, nyundo, tak, tak... kimeangukia ndani. Usije ukawasha kisagio kabla hujakitoa, kitakwama. Na mkono usiingize hata kama umeme umezima, ni koleo tu. Hiki hapa. Kadogo hivi, kama sarafu, ndiko kamenilaza na maji machafu siku mbili.

Mpira nimerudisha, kibano chake nimekaza. Umeme, kitufe... sikilizeni. Mnasikia yanavyoteremka? Lo! Ndani kamebaki kamaji kidogo chini ya chujio, hako msihangaike nako, kanatakiwa kawepo ili raba ya pampu isikauke ikapasuka.

Mke wangu anauliza kutoka sebuleni tatizo lilikuwa nini. Nimemwambia chujio. Video zangu huwa haangalii. Mama, shikamoo, akikupigia simu, na wewe sema chujio.